Pikapu za Marekani: Ford, Chevrolet na Ram wanashindania nini hasa?

Mleta mada:

Wakuu, kila Januari kampuni za magari za Marekani zinapotangaza mauzo ya mwaka uliopita, Ford hurudia tambo ile ile, kwamba pikapu zake za F-Series zimeongoza tena. Kwa upande wa pikapu imekuwa hivyo tangu mwaka 1977, na kwa magari ya aina zote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hiyo hiyo mashabiki wa General Motors hujumlisha Chevrolet Silverado na GMC Sierra, ambazo kwa kweli ni gari moja lenye sura mbili, wakadai kwamba mfalme halisi ni GM. Mwaka 2023, kwa mfano, F-Series ziliuzwa zaidi ya 750,000, Silverado kama 550,000 na Sierra kama 295,000. Anayehesabu jina la gari atampa Ford ushindi, anayehesabu kampuni atampa GM, na kwa kuwa kila upande una hesabu yake iliyo sahihi, ubishi hauishi.

Nimeamua kuleta uzi huu kwa sababu ushindani huo huelezwa mara nyingi kama mechi ya watani wa jadi, nembo dhidi ya nembo, huku jambo la msingi likiachwa. Kwa maoni yangu vita hii ni ya kweli na ina gharama kubwa, lakini inapiganwa ndani ya uzio uliojengwa na serikali ya Marekani tangu mwaka 1964, na uzio huo ndio ulioamua silaha za kupigania. Katika soko la kawaida kampuni zingeshindana kupunguza bei. Hapa zimeshindana kuongeza ukubwa, nguvu ya kuvuta tela na anasa, na bei imepanda pamoja navyo.

Historia yenyewe nitaipitia haraka. Chevrolet ilianza kuuza lori lake dogo mwaka 1918. Ford ilitoa pikapu iliyokamilika kiwandani mwaka 1925, ikiwa ni Model T iliyofungwa bodi ya mizigo nyuma, kwa dola 281. Kabla ya hapo mkulima alinunua gari kisha akamtafuta fundi wa kumtengenezea sanduku la mizigo. F-Series ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na jina la F-150 likaingia katikati ya miaka ya 1970. Dodge, ambayo pikapu zake leo zinaitwa Ram, kwa miaka mingi ilikuwa ya tatu na ya mbali. Watu walijua gari lake la Power Wagon la mwaka 1946, lililotokana na magari ya kijeshi, lakini kwa mauzo haikumtisha mtu.

Sasa tuje kwenye uzio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa bei rahisi kutoka Marekani walifurika masoko ya Ulaya, na nchi za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, zikiwemo Ujerumani Magharibi na Ufaransa, zikawawekea ushuru. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alijibu kwa kutangaza ushuru wa asilimia 25, ulioanza kutozwa mwaka 1964, kwa wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo kutoka nje. Katika malori mlengwa alikuwa Volkswagen, aliyekuwa akiuza Marekani pikapu iliyotokana na kibasi chake maarufu. Miaka ilivyopita ushuru wa bidhaa nyingine uliondolewa, lakini wa malori madogo ukabaki, na hadi leo Wamarekani wenyewe wanauita ushuru wa kuku. Linganisheni na asilimia 2.5 iliyotozwa kwa miongo mingi kwa magari ya abiria, mtaona kwa nini Toyota na Honda ziliweza kuwanyang'anya Wamarekani soko la magari ya saluni na zikashindwa kufanya hivyo kwenye pikapu kubwa.

Kinachofurahisha ni kwamba kampuni za Detroit, yaani hizo hizo za Marekani, zilikuwa za kwanza kuruka uzio huo zilipouona unazibana. Mwaka 1972 Ford ilianza kuuza pikapu ndogo iitwayo Courier iliyotengenezwa na Mazda, na Chevrolet ikauza LUV iliyotengenezwa na Isuzu. Magari hayo yaliingia nchini yakiwa kabini na chesisi tu, kwa ushuru wa asilimia 4, kisha bodi za mizigo zikafungwa baada ya kushuka melini. Mwanya huo uliendelea hadi mwaka 1980 mamlaka za forodha zilipouziba. Subaru nayo ilifunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi ya pikapu yake ya BRAT, vikitazama nyuma, ili gari lihesabiwe kuwa la abiria. Miaka mingi baadaye Ford ilikuwa ikiingiza vigari vya mizigo vya Transit Connect kutoka Uturuki vikiwa na viti vya nyuma na madirisha, kisha ikaving'oa baada ya kupita forodhani. Kesi hiyo ilimalizika mwaka 2024 kwa Ford kukubali kulipa dola milioni 365. Unapomsikia mtu akisema kwamba pikapu ya Marekani hulindwa na uzalendo wa wateja, mkumbushe kwamba inalindwa pia na sheria ambayo walindwa wenyewe waliikwepa kila ilipowafaa.

Kuna uzio wa pili unaosemwa kidogo. Sheria ya mwaka 1975 ya matumizi ya mafuta iliyapa malori madogo viwango vilivyolegea kuliko vya saluni. Baadaye kanuni zikabadilishwa, lengo la kila gari likapimwa kwa eneo lililo kati ya magurudumu yake, kwa hiyo gari kubwa likadaiwa ufanisi mdogo kuliko gari dogo. Mtengenezaji alikuwa na sababu gani ya kuendelea na pikapu ndogo yenye faida ndogo? Ford ilifunga kiwanda chake cha Saint Paul, Minnesota, mwishoni mwa mwaka 2011 na kuiondoa Ranger kwenye soko la Marekani, mwaka ule ule ambao Dodge ilisitisha Dakota. Ranger ilirudi mwaka 2019, ikiwa imekua kiasi kwamba inakaribia F-150 za zamani.

Nikiulizwa ni wapi ushindani huu umezaa kitu cha maana, nitaelekeza kwenye dizeli. Jambo ambalo mashabiki wengi hawapendi kulisikia ni kwamba kampuni zote tatu zilijenga heshima yao ya pikapu nzito kwa injini za watu wengine. Ford ilinunua dizeli kutoka International, iliyokuja kuwa Navistar. Dodge, ikiwa hoi kimauzo, iliingia mkataba na Cummins ya Columbus, Indiana, na katika toleo la mwaka 1989 ikafunga injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 5.9, iliyobuniwa kwa kazi za mashine na malori. Ilikuwa na nguvu farasi 160 tu, lakini toki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ilikuwa futi-pauni 400, kiwango ambacho injini za petroli za wakati huo hazikukifikia. Mfugaji wa Texas anayevuta tela la ng'ombe hakujali tena kwamba kabini ya Dodge ilikuwa ya kizamani, kwa sababu alikuwa ananunua injini, na gari likaja kama nyongeza. GM, ambayo dizeli zake za awali hazikuwa na sifa nzuri, ilishirikiana na Isuzu kujenga kiwanda huko Moraine, Ohio, na injini ya Duramax ya lita 6.6 ikaingia sokoni kwa toleo la mwaka 2001.

Ford ndiyo iliyoumia zaidi kwa kutegemea mwenzake. Injini ya lita 6.0 iliyotoka mwaka 2003 ilipata sifa mbaya ya gasketi za silinda hedi na vipozeo vya moshi kuharibika, gharama za warantii zikapanda, na mwaka 2007 Ford na Navistar zikafikishana mahakamani. Zilipatana mwaka 2009, na kwa toleo la mwaka 2011 Ford ikaja na dizeli yake yenyewe ya lita 6.7. Baada ya hapo yalianza mashindano ya namba ambayo kwa kweli hayana mwisho. Ram ilikuwa ya kwanza kufikisha futi-pauni 1,000 katika toleo la mwaka 2019, Ford ikajibu na 1,050 mwaka uliofuata, Ram ikapanda hadi 1,075, na Ford katika toleo la mwaka 2023 ikafika 1,200. Ni mara tatu ya ile Cummins ya mwaka 1989, katika gari ambalo mtu huendesha kwa leseni ya kawaida. Hata hivyo sifa hizo zina upande wake wa giza. Cummins ilikubali kulipa faini ya kiraia ya dola bilioni 1.675, kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa chini ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, baada ya serikali kudai kwamba injini za Ram za miaka ya 2013 hadi 2019 zilifungwa programu za kukwepa vipimo vya moshi.

Namba hizo zinanipeleka kwenye kashfa ninayoipenda zaidi katika mada hii, nayo ni jinsi uwezo wa kuvuta ulivyokuwa ukipimwa. Kwa miaka mingi kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa vigezo ilivyovipanga yenyewe, kisha ikatangaza kwamba ni bora katika kundi lake. Wahandisi wa jumuiya ya SAE wakaandaa kipimo kimoja, J2807, ambacho sehemu yake ngumu ni mlima wa Davis Dam huko Arizona. Gari likiwa na tela la uzito uliotangazwa linapanda kilomita 18 hivi katika joto la nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na pikapu ya kawaida hairuhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Wawakilishi wa kampuni zote kubwa walishiriki kukiandaa. Ilipofika wakati wa kukitumia, Toyota peke yake ndiyo iliyokitumia, katika Tundra ya mwaka 2011, na namba zake zikashuka. Ford ilisema itasubiri hadi F-150 mpya itoke. GM, iliyokuwa imeahidi kuanza mwaka 2013, ikarudi nyuma kwa sababu haikutaka namba zake zipungue wakati za jirani zimebaki juu. Watatu wote waliingia na matoleo ya mwaka 2015, yaani baada ya miaka minne ya mgeni kuwa mkweli peke yake.

Mwaka 2014 ilibainika pia kwamba Ford, katika kukokotoa uzito wa mizigo ambao baadhi ya pikapu zake nzito zinaweza kubeba, ilikuwa ikihesabu gari lisilo na tairi ya akiba, jeki, redio wala kisanduku cha katikati ya viti. GM nayo ikakiri kwamba katika hesabu zake ilitoa bampa la nyuma. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu mteja angeweza kuagiza gari bila vitu hivyo. Lakini niambieni ni nani aliyewahi kwenda kununua pikapu akaomba ing'olewe jeki.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta mada, nimesoma kwa makini na ninashukuru kwa uchambuzi, ila hoja yako ya uzio ina tundu. Toyota imekuwa ikitengeneza Tundra Marekani tangu mwaka 1999, kwanza Princeton, Indiana, na tangu mwaka 2006 San Antonio, Texas, katikati ya nchi ya pikapu. Nissan ilitengeneza Titan huko Canton, Mississippi. Magari hayo hayalipi ushuru wa kuku hata senti moja. Kama tatizo lingekuwa ushuru, Toyota ingekuwa imeshawafikia. Mimi naona wateja wa Marekani wanawapenda tu watengenezaji wao, basi.

Mleta mada:

Mkuu, tundu ulilolionyesha lipo, na ni sahihi kwamba ushuru peke yake hautoshi kueleza yanayotokea leo. Ila tazama muda. Katika saluni Wajapani waliingia kwa kusafirisha magari, wakaijua ladha ya mteja, wakajenga mtandao wa wauzaji na mafundi, na ndipo wakajenga viwanda. Katika pikapu kubwa hatua ya kwanza ilizibwa, na ilibidi Toyota iweke kiwanda kabla ya kuwa na uhakika wa wateja. T100 yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja kutoka Japani, ikalipa ushuru wote, ikawa ghali, na haikuwa na injini ya V8 (silinda nane), kwa hiyo mnunuzi aliambiwa alipe zaidi apate kidogo. Tundra ya kweli ilitoka zaidi ya miaka 35 baada ya tangazo la Johnson. Muda huo wote Detroit ilikuwa ikiuza kwa baba, kisha kwa mwana, kisha kwa mjukuu.

Halafu kuna suala la aina za magari, ambalo mtu wa huku kwetu hulidharau kwa sababu amezoea Hilux yenye machaguo machache. Ukifungua ukurasa wa F-150 unakuta kabini za aina tatu, bodi za urefu tatu, injini zaidi ya nne, uwiano kadhaa wa gia za ekseli, na juu yake familia nzima ya Super Duty kuanzia F-250 hadi F-450 inayotengenezwa Louisville, Kentucky. Mkandarasi wa barabara, kampuni ya umeme, zimamoto na mkulima wote wanahudumiwa na muuzaji mmoja. Toyota haina pikapu nzito wala dizeli sokoni humo. Nissan ilijaribu dizeli ya Cummins ya lita 5.0 katika Titan XD, haikushika, na Titan yenyewe ilifikia mwisho mwaka 2024. Kwenye pikapu za wastani, ambako Detroit ililala, Toyota Tacoma imetawala kwa miaka mingi, na hilo linaonyesha kwamba mteja wa Marekani hana kinyongo na Mjapani pale anapopewa anachokihitaji.

Kuhusu mapenzi, sikatai kwamba yapo. Kwenye vioo vya nyuma vya pikapu za huko huonekana kibandiko cha mtoto akikojolea nembo ya kampuni pinzani, na ni biashara ya miaka mingi. Kampuni zenyewe huyachochea. Februari 2012, wakati wa Super Bowl, fainali ya soka la Kimarekani, Chevrolet ilirusha tangazo ambamo dunia imeangamia, madereva wa Silverado wanatoka kwenye vifusi wakiwa wazima, na mmoja wao anauliza rafiki yao yuko wapi, akajibiwa kwamba alikuwa akiendesha Ford. Ford ilitaka tangazo hilo lisirushwe, likarushwa. Miaka michache baadaye Ford ilipohamia kwenye bodi ya alumini na kupunguza hadi kilo 318 za uzito wa F-150, Chevrolet ilijibu kwa tangazo la kumwaga matofali mazito katika bodi za pikapu zote mbili na kuonyesha alumini ilivyotoboka. Mtu angedhani GM ingeapa kutoigusa alumini maisha yake yote. Silverado ya mwaka 2019 ilikuja na milango, boneti na mlango wa nyuma wa bodi vya alumini, huku mabawa, paa na bodi ya mizigo vikibaki chuma. Katika Sierra ya kifahari GM ikaweka hata bodi ya nyuzi za kaboni.

Mchangiaji wa tatu (Houston):

Habari zenu wakuu. Ninaishi Houston na ninaendesha moja ya pikapu hizi kwa kazi ya kusafirisha vifaa vya bustani, kwa hiyo niongeze jambo ambalo matangazo hayalisemi. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya kabini kuna kibandiko cha matairi na mizigo kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa gari hilo hilo ulilosimama mbele yake. Namba ya kwenye tangazo ni ya gari moja lililoagizwa kwa namna maalumu, na ya kwenye kibandiko ndiyo yako. Kadiri gari linavyoongezewa anasa, paa la kioo, viti vya umeme na magurudumu makubwa, ndivyo namba ya kibandiko inavyopungua.

Tuseme tangazo linasema gari linavuta kilo 5,000, na kibandiko chako kinasema kilo 680. Ukifunga tela la kilo 3,600, kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito huo hulalia ndoano ya gari, kwa hiyo tuchukue kilo 430. Baba, mama na vijana watatu wakubwa wanaweza kufika kilo 350. Jumla ni 780, umeshapita kiwango, na bado hujaweka jenereta wala maji, wakati tela lenyewe liko mbali kabisa na zile kilo 5,000 za tangazo. Muuzaji aliyeniuzia gari langu hakukigusa kibandiko hicho. Alikuwa akinionyesha skrini na viti vya kukanda mgongo.

Na kwa Texas ushindani una sura yake. Jimbo hili ndilo soko kubwa kuliko yote la pikapu, hivyo kila kampuni ina toleo la kulibembeleza. Ford ina King Ranch, lililopewa jina la ranchi kubwa ya kusini mwa Texas, Ram ina Lone Star, Chevrolet ina Texas Edition, na Toyota ikaita la kwake 1794, mwaka ilipoanzishwa ranchi ambayo kiwanda chake cha San Antonio kimejengwa juu ya ardhi yake.

Mleta mada:

Ahsante sana mkuu wa Houston. Hesabu yako ya kibandiko inastahili kubandikwa kwenye kila duka la magari. Mashindano ya namba yamewafanya wateja walipie uwezo ambao gari waliloondoka nalo halina.

Kuhusu Ram, ambayo sikuipa nafasi ya kutosha. Mwaka 1994 Dodge ilibadilisha sura ya pikapu yake, ikaipa pua ndefu iliyoinuka na mabawa yaliyoshuka pembeni kama lori kubwa la masafa, na mauzo yakapaa zaidi ya mara mbili katika muda mfupi. Tangu hapo kila mshindani amekuwa akiinua boneti. Kilele chake kilikuwa mwaka 2019, Ram iliposhika nafasi ya pili kwa takribani magari 634,000 dhidi ya Silverado 576,000 hivi, huku Ford ikiuza kama 897,000. Wapo wanaosema ilibahatika, kwa sababu wafanyakazi wa GM walikuwa wamegoma kwa siku 40 mwaka huo, na Ram ilikuwa ikiuza gari jipya sambamba na la kizazi kilichotangulia kwa punguzo kubwa. Mimi naona kabini ya Ram ya mwaka 2019 ilikuwa bora kuliko zote, na GM ilikuwa imetoa Silverado yenye dashibodi ya kizembe ikidhani jina litajiuza.

Kisha Ram ikajikwaa. Kwa toleo la mwaka 2025 iliondoa injini ya HEMI V8 ya lita 5.7 kwenye Ram 1500 na kuweka ya silinda sita yenye turbo mbili, ambayo kwa karatasi ina nguvu zaidi. Wateja walilalamika, mauzo yakayumba, na Juni 2025 kampuni ikatangaza kuirudisha V8 kwa toleo la 2026, ikiwa na nembo maalumu ubavuni ambayo wenyewe waliiita alama ya maandamano. Ni mara chache mtengenezaji huuza gari akilitangaza kuwa ni malalamiko dhidi ya uamuzi wake mwenyewe.

Mchangiaji wa nne (Nairobi):

Mtoa mada, hapa Kenya pikapu ya kazi ni Isuzu D-Max, na kampuni iliyokuwa ikiziunganisha tuliijua kama General Motors East Africa. Je, kuna uhusiano wowote kati ya D-Max yetu na hiyo Duramax unayoisema? Na kwa nini hatuoni F-150 wala Silverado barabarani kwetu, ilhali Ranger zimejaa? Pia naomba useme neno kuhusu pikapu za umeme.

Mleta mada:

Uhusiano upo, mkuu. Kiwanda cha Moraine kiliendeshwa na kampuni ya ubia iliyoitwa DMAX, na Isuzu ilipotoa pikapu mpya mwaka 2002 ikalichukua jina hilo. LUV ya zamani, D-Max na Duramax zote zimetokana na ndoa moja ya GM na Isuzu, ambayo imekuwa ikivunjwa kipande kwa kipande. Mwaka 2017 GM iliuza hisa zake za Nairobi kwa Isuzu, kampuni ikawa Isuzu East Africa, na mwaka 2022 GM ikanunua sehemu ya Isuzu iliyobaki kule Moraine.

F-150 na Silverado hutoka kiwandani zikiwa na usukani wa kushoto, na Kenya hairuhusu magari ya namna hiyo kusajiliwa isipokuwa kwa matumizi maalumu. Australia wanazipata kwa sababu kuna karakana za Melbourne zinazohamishia usukani kulia, kazi ya kubomoa dashibodi nzima, na gharama yake humwangukia mnunuzi. Ongeza upana wa mita 2 bila vioo vya pembeni, na injini ya petroli ya lita 5 inayoendeshwa kwa bei ya mafuta ya Nairobi. Ranger mnayoiona imebuniwa Australia, inaunganishwa Silverton, Afrika Kusini, na haina tatizo hata moja kati ya hayo.

Kwenye umeme kila mmoja alikimbilia kuwa wa kwanza. Kampuni changa ya Rivian iliwatangulia wakongwe mwaka 2021, Ford ikaja na F-150 Lightning mwaka 2022 ikiitangaza kwa bei ya kuanzia iliyo chini kidogo ya dola 40,000, GM ikaja na Silverado ya umeme, na Tesla ikakabidhi Cybertruck za kwanza Novemba 2023. Bei ya Lightning haikukaa hapo hata mwaka mmoja. Tatizo kubwa likawa tela, kwa maana ukilifunga, umbali wa gari kwa chaji moja hupungua hadi karibu nusu, na mteja aliyezoeshwa kwa miaka 30 kwamba pikapu hupimwa kwa tela hakuweza kulimeza hilo. Septemba 2025 Ram ilifuta mpango wa pikapu yake ya umeme mtupu, na Desemba Ford nayo ikatangaza kwamba Lightning ya umeme mtupu inasitishwa na kwamba itakayofuata itabeba injini ya petroli ya kuchaji betri. Gari la Ford ambalo mimi ninalifuatilia kwa karibu zaidi ni Maverick, pikapu ndogo ya haibridi (petroli na umeme) inayotengenezwa Hermosillo, Mexico, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya kuanzia ya dola 19,995. Maagizo yalizidi uwezo wa kiwanda, Ford ikalazimika kufunga oda, na bei imekuwa ikipandishwa tangu wakati huo. Hadi sasa GM na Ram hazijatoa pikapu ya kupambana nayo kwenye soko la Marekani.